UZI MAALUMU: Ini limechoka, ubongo unaonekanaje kwenye MRI na CT? Wa radiolojia, wodini na maabara karibuni

#1 KioMeza

Wakuu, salaam. Swali hili linajirudia sana kwenye nyuzi za radiolojia, kwa hiyo nalifungulia uzi wake. Mgonjwa wa sirosisi (ini lililojaa makovu) kapigwa MRI ya kichwa, kwenye T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) kuna madoa mawili meupe ndani ya ubongo, moja kushoto moja kulia, na ripoti inatoka na maneno "damu ya zamani?" au "chokaa?". Daktari wa wodi anabaki na alama ya kuuliza mkononi.

Madoa hayo ni globasi palidasi, kokwa mbili za ndani ya ubongo zinazohusika na mwendo, na kinachozing'arisha ni madini ya manganizi. Manganizi tunaila kila siku kwenye nafaka, karanga, mboga za majani na chai. Utumbo unafyonza kidogo, veni ya lango inaipeleka kwenye ini, na ini linaitupa kupitia nyongo. Kwa mgonjwa wa ini sugu njia hiyo imeziba sehemu mbili. Kwanza seli za ini zimepungua na nyongo haitoki sawasawa. Pili, shinikizo kwenye veni ya lango limefungua michepuko, ile mishipa iliyovimba ya umio, ya kitovu na ya bandama, inayopeleka damu ya utumbo kwenye mzunguko mkuu bila kupita kwenye ini. Manganizi inabaki inazunguka, inaingia ubongoni, na palidasi ndiyo inayoivuta zaidi. Ayoni yake ina elektroni 5 zisizo na wenza, yaani ni kisumaku kidogo: inafupisha T1 ya maji yaliyo jirani nayo, na T1 fupi huonekana nyeupe.

Utaitambuaje bila kubahatisha? Iko pande zote mbili kwa usawa. Iko kwenye T1 tu. T2 na FLAIR (aina nyingine za picha za MRI) mahali hapohapo ni za kawaida, CT haioni kitu, na dawa ya kontrasti haibadilishi chochote. Ikiwa nyingi, weupe unashuka hadi substansia nigra na tegmentamu ya ubongo wa kati, na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari nayo inang'aa. Picha ya T1 ya ubavu iliyopita pembeni kidogo ya mstari wa kati huonesha weupe huo ukishuka kutoka palidasi kwenda kwenye shina la ubongo. Hapo ndipo pa kutazama kwanza kabla ya kubishana na picha za mkato wa mlalo.

Vinavyofanana nayo. Chokaa: ni ya kawaida kwa watu waliovuka miaka 40 na inaweza kuwa nyeupe kwenye T1, lakini CT inaiumbua mara moja. Gadoliniamu iliyobaki baada ya kontrasti za muundo wa mnyoofu kurudiwa mara nyingi: hii hupenda nyukliasi ya dentati kwenye ubongo mdogo pamoja na palidasi, kwa hiyo dentati ikiwa nyeupe ulizia historia ya kontrasti. Wagonjwa wa ini wako hatarini hapa, kwa sababu mwaka 2017 Ulaya iliposimamisha nyingi za kontrasti hizo za mshipani, gadoxetate na gadobenate ziliachwa kwa ajili ya picha za ini. Sukari iliyopanda sana na kuleta koria (viungo kuchezacheza bila hiari): mara nyingi ni upande mmoja na putameni, kokwa jirani ya palidasi, ndiyo inayoongoza. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa muda mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma na mchimbaji wa manganizi wanaweza kuwa na picha ileile kabisa, kwa sababu madini ni yaleyale. Ini lao tu ndilo tofauti.

#2 Zamu_ya_Usiku

Shukrani mkuu. Swali la wodini: mgonjwa wa ensefalopathia ya ini (HE, kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini) daraja la 3 la West Haven, kile kipimo cha ukali wake, atakuwa na weupe mkali kuliko wa daraja la 1? Yaani tunaweza kuutumia kufuatilia matibabu?

#3 KioMeza

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Weupe wa palidasi unapima mchepuko wa damu, kuchanganyikiwa haukupimi. Mgonjwa anaweza kukaa kitandani anasoma gazeti na palidasi zake zinawaka kama taa, na mwingine akawa kwenye koma na T1 yake ni ya kawaida. Kuchanganyikiwa kunapanda na kushuka ndani ya saa kwa sababu kunafuata amonia, maambukizi, choo kigumu, damu iliyovuja tumboni. Manganizi huingia na kutoka kwa miezi. Laktulozi (dawa ya kuharisha ya kutibu HE) ikimwamsha mgonjwa leo, T1 ya kesho itakuwa ileile.

Vitu viwili vinaibadilisha kweli. Mgonjwa akiwekewa stenti ya kuunganisha veni ya lango na veni ya ini, weupe unaongezeka kwa sababu umemjengea mchepuko mpya. Akipandikizwa ini, unafifia polepole kwa miezi kadhaa, na kwa wengi umeondoka au umebaki kidogo baada ya mwaka hivi.

Dalili zinazoendana nayo vizuri zaidi ni za mwendo: mikono mizito, uso usio na hisia, mwendo wa kuburuza, kama Parkinson lakini pande zote mbili kwa pamoja na maendeleo yake ni ya haraka. Hiyo ni hali waliyoieleza Victor, Adams na Cole mwaka 1965, uharibifu wa ubongo unaoletwa na ini. Haiamki kwa laktulozi kama HE ya kawaida. Kwa hawa tazama pia vikonyo vya kati vya ubongo mdogo kwenye T2, wakati mwingine huwa vyeupe.

#4 BombaLaHeliamu

Niongezee upande wa mashine, maana nusu ya "weupe" unaoripotiwa umetengenezwa na sisi wenyewe.

Tesla 1.5 (nguvu ya sumaku): tumia spini-eko ya T1 ya kawaida, TR 450 hadi 600, TE 10 hadi 15 (nyakati zinazopangwa kwenye mashine, kwa ms), vipande vya mm 5, na ipigwe KABLA ya kontrasti yoyote. Ukiwa na MPRAGE ya 3D pekee (aina nyingine ya T1), kaa chonjo: palidasi ya mtu mzima mwenye afya hukaribia rangi ya maada nyeupe kwenye sikwensi hiyo, na jicho lisilozoea litaona ugonjwa pasipo na ugonjwa. Kipimo cha jicho ni maada nyeupe ya ndewe (lobu) ya mbele ya ubongo. Palidasi ikiipita kwa weupe, ndiyo. Ikiwa sawa nayo au chini kidogo, usiandike kitu. Tesla 3: spini-eko ya T1 huwa dhaifu kwa kutofautisha maada nyeupe na ya kijivu, kwa hiyo wengi hutumia T1 ya inveshoni. Sawa, ila mgonjwa akirudi baada ya miezi 6 rudia sikwensi ileile kwenye mashine ileile, vinginevyo unalinganisha embe na nazi.

Halafu dirisha la picha. Fundi akilibana ili picha "ipendeze", kila kokwa la kina linakuwa jeupe. Kabla ya kuandika, lifungue mpaka maada nyeupe na kijivu zitofautiane kwa upole.

Mgonjwa mwenyewe sasa. Ana maji tumboni, hawezi kulala chali dakika 25. Anahema, anatikisika, picha inaharibika. Zungumzeni na wodi maji yatolewe kwanza kama yamejaa (yakitolewa zaidi ya lita 5, albumini gramu 8 kwa kila lita iliyotoka). Mto chini ya magoti husaidia kuliko mkanda wa kumfunga. Mpangilio wa sikwensi uwe huu: DWI (picha ya mtawanyiko wa maji kwenye tishu) kwanza maana ni kama dakika moja na ndiyo yenye majibu ya dharura, kisha T1, kisha FLAIR, kisha sikwensi ya kuonesha damu. Akigoma katikati, umeshapata vya muhimu.

Dawa ya usingizi: diazepamu au midazolamu kwa mgonjwa wa HE ni kumsukuma shimoni. Ubongo wake una usikivu mkubwa mno kwa kundi hilo na anaweza asiamke siku mbili. Ikiwa lazima kweli, aje mtaalamu wa usingizi na propofoli, njia ya hewa ikiwa chini ya ulinzi. Mara nyingi CT ya sekunde chache inatosha na hayo yote hayahitajiki.

Usisahau kuuliza kama alifungwa mishipa ya umio. Mipira ya kufungia si tatizo. Klipu za chuma za endoskopia ni jambo lingine, baadhi haziruhusiwi kuingia kwenye sumaku. Jina la klipu lipatikane au apigwe eksirei kwanza.

#5 Kokoto

Mkuu #4 na kontrasti je? Wengine wanaomba kila MRI ya kichwa iwe "na bila".

#6 BombaLaHeliamu

Kwa swali la HE haihitajiki. Ipe tu ukiwa na shaka ya jipu, kifua kikuu cha ubongo, toksoplasma au uvimbe. Na tahadhari na figo: kreatinini ya mgonjwa wa sirosisi hudanganya kwa sababu misuli imekwisha. Inaweza kusoma kawaida huku figo zimeshachoka, na hesabu ya eGFR (makadirio ya kazi ya figo) ikatoka nzuri kuliko ukweli. Ukilazimika, chagua kontrasti ya muundo wa duara.

#7 VokseliMoja

Naona hakuna aliyegusa spektroskopia, yaani kutumia MRI kupima kemikali za ubongo, na kwa jambo hili ndiyo picha iliyo karibu zaidi na kinachotokea ndani ya seli.

Amonia ikifika ubongoni, wa kuipokea ni astrosaiti (seli zinazohudumia neuroni) peke yake, maana ndiyo yenye kimeng'enya cha kuiunganisha na glutameti kuwa glutamini. Glutamini ikijaa ndani ya astrosaiti inavuta maji, seli inavimba. Seli haikubali kupasuka, inaanza kutupa nje chembe nyingine za kusawazisha maji: mayo-inositoli kwanza, kisha kolini. Kwa hiyo sahihi ya ugonjwa wa ini ni vitu vitatu kwa pamoja: Glx (glutamini na glutameti kwa pamoja) juu, mayo-inositoli chini, kolini chini. NAA, alama ya neuroni, haiguswi, kwa sababu neuroni bado zipo. Ukikuta NAA imeshuka sana, tafuta ugonjwa mwingine wa ziada.

Kwa wanaotaka kuifanya: sikwensi ya PRESS ya vokseli moja (kisanduku kimoja cha ubongo kinachopimwa), TE fupi ya ms 30 au 35. Hili si la hiari. Ukitumia TE 135 au 270 kama ya uvimbe wa ubongo, mayo-inositoli inakufa kabla hujaisoma na Glx inavurugika. Umepoteza viwili kati ya vitatu. TR 2000, mizunguko 128, inachukua dakika 4 na ushei. Vokseli ya sm 2 × 2 × 2 iwekwe kwenye maada nyeupe ya parieto-oksipito, mbali na mfupa na mafuta ya ngozi ya kichwa, isiguse ventrikali. Ikigusa mafuta utaona mlima mnene kati ya 0.9 na 1.3 ppm na msingi wote unapinda, ifute, rudia. Shimu ya maji (usawazishaji wa sumaku) kwa Tesla 1.5 iwe chini ya Hz 8 hivi, la sivyo kolini ya 3.2 na kreatini ya 3.0 zitashikana na hutajua ipi imeshuka. Mayo-inositoli iko 3.56. Glx inatawanyika kati ya 2.1 na 2.5 pamoja na kilele kidogo karibu na 3.75. Linganisha kila kimoja na kreatini.

Mtego mkubwa ni sodiamu. Mgonjwa mwenye sodiamu 122 anatupa mayo-inositoli na kolini kwa sababu ya sodiamu yenyewe, hata kama amonia si tatizo. Bila kuandika sodiamu ya siku ileile kwenye fomu, spektroskopia ya mgonjwa wa ini haisomeki.

Kwenye mashine za sumaku wazi za Tesla 0.3 usijaribu, utapoteza muda wa mgonjwa.

#8 Zamu_ya_Usiku

Kisomo safi, ila tuwe wakweli: mgonjwa akiletwa saa 8 usiku haongei, hakuna atakayemfanyia spektroskopia. Kilichopo ni CT, na kwa kweli CT ndiyo inayookoa.

HE hugunduliwa kitandani, kwa kuwaondoa wengine wote. Miongozo ya Marekani na Ulaya ya 2014 iko wazi kwamba skani haithibitishi HE, ila mgonjwa akichanganyikiwa kwa mara ya kwanza au akibadilika tofauti na kawaida yake, skani ifanyike, kwa sababu hatari ya damu kuvuja ubongoni kwa kundi hili imeongezeka angalau mara 5. Damu yake haigandi vizuri, chembe sahani zimeliwa na bandama, na anaanguka anguka. Kama alikuwa mnywaji, ubongo umesinyaa na mishipa midogo kati ya ubongo na utando imevutika kama kamba ya nguo. Kugonga kichwa kidogo tu kwenye mlango kunatosha.

Unaposoma hiyo CT usiishie kwenye dirisha la ubongo la upana 80, kitovu 40. Fungua tena kwa upana 200, kitovu 75 hivi, ndipo subduro (damu iliyovuja kati ya ubongo na utando) nyembamba inajitenga na mfupa. Na angalia himoglobini kwenye faili. Mgonjwa aliyetapika damu jana ana 6, na damu mpya ya mtu mwenye upungufu huo inaweza isiwe nyeupe kabisa. Inafanana rangi na ubongo. Unakuta tu mikunjo ya upande mmoja imebanwa na mstari wa kati umesogea, hujui na nini. Hapo ni subduro mpaka ithibitike vinginevyo.

Kabla hata ya kumsukuma kwenda CT: sukari ya kidoleni, mRDT ya malaria, joto, na sindano ya kutoa maji ya tumboni kuangalia maambukizi. Kwetu usimwite mtu HE kabla hujaondoa malaria na homa ya uti wa mgongo. Na kama ni mnywaji au amekonda, thiamini (vitamini B1) iende kabla ya glukosi au pamoja nayo, mg 500 kwenye mshipa mara 3 kwa siku kwa siku 2 au 3 za mwanzo. Wernicke (ubongo kuumia kwa kukosa thiamini) na HE hukaa kwenye kitanda kimoja mara nyingi kuliko tunavyokubali.

#9 KioMeza

Na Wernicke kwenye MRI ina anwani zake: vichuchu vya mamilari, ukingo wa ndani wa thalamasi zote mbili, na eneo linalozunguka mfereji wa maji wa ubongo wa kati, nyeupe kwenye FLAIR na pengine DWI. Palidasi ya manganizi haihusiani nayo, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. MRI ikiwa safi, endelea na thiamini vilevile.

Kuhusu DWI, kuna picha moja ambayo kila radiografa wa zamu aijue: amonia iliyopanda ghafla. Gamba la insula na la singuleti, pande zote mbili kwa ulinganifu, linang'aa kwenye DWI na ADC yake (kipimo cha maji yanavyotawanyika) iko chini. Thalamasi mara nyingi zimo. Gamba la mwendo na la nyuma, oksipito, huachwa mwanzoni. Hapo ndipo inapotofautiana na kukosa hewa, ambako gamba la mwendo na oksipito ndiyo waathirika wakubwa, na na sukari kushuka, ambako thalamasi huachwa. Hepesi hupendelea upande mmoja na ndewe ya pembeni. Onyo: insula na singuleti za mtu mwenye afya huwa nyeupe kidogo kwenye DWI, hasa Tesla 3. Bila ADC iliyoshuka na FLAIR iliyovimba, usipige kelele.

Hiyo ni ya ghafla. Kwenye ini sugu lenye HE ya taratibu, ADC huelekea kupanda kidogo, na FLAIR inaweza kuonesha weupe hafifu ukifuata njia ya neva za mwendo kutoka gamba hadi shina la ubongo. Baada ya kupandikizwa ini hufifia, dalili kwamba yalikuwa maji zaidi kuliko kovu.

#10 Ukerewe_Visiwani

Wadau wa Kanda ya Ziwa tusisahaulike. Vitabu vyote vinaongelea sirosisi, lakini huku mchepuko mkubwa unaletwa na kichocho cha tumbo, mansoni. Mayai yanakwama kwenye matawi madogo ya veni ya lango, kovu linajengeka kuzunguka matawi hayo, damu inakosa njia. Bandama inafika kitovuni, mishipa ya umio inavimba, mgonjwa anatapika damu, HUKU seli za ini ziko hai na vipimo vya damu vya ini viko karibu na kawaida. Ultrasaundi ya tumbo inaonesha kuta nene nyeupe zinazofuata matawi ya veni.

Mgonjwa huyo akipigwa MRI ya kichwa kwa sababu nyingine kabisa, palidasi zinaweza kuwa nyeupe, kwa sababu mchepuko ni mchepuko hata ini likiwa zima. Hajachanganyikiwa. Msiandike "HE". Andikeni mchepuko wa veni ya lango na mpendekeze ultrasaundi ya tumbo na endoskopia. Kwa mtu ambaye hajawahi kutapika damu, sentensi hiyo inaweza kugundua mishipa ya umio kabla haijapasuka.

Kitu kingine: mtu mwenye michepuko akianza kukakamaa miguu, wengine hukimbilia kusema ni uti wa mgongo kuathirika na ini. Hali hiyo ipo, na MRI yake ya uti kwa kawaida ni safi. Lakini huku kichocho chenyewe hutaga mayai kwenye ncha ya chini ya uti wa mgongo. Hapo uti unavimba na kuchukua kontrasti, na miguu huwa milegevu zaidi kuliko kukakamaa. Pigeni MRI ya uti mzima kabla ya kumhukumu.

Kwa wa Pwani na Visiwani, kichocho chenu kikuu ni cha mkojo, haematobium. Hicho kinaenda kwenye kibofu, msikisingizie palidasi.

#11 Kokoto

Hii ya #10 sijawahi kuiona kwenye ripoti hata moja. Naihifadhi.

#12 SentrifujiMoja

Maabara nasi tuna neno, maana mnatuletea sampuli za amonia zilizokaa mfukoni.

Usifunge mkono kwa nguvu, mgonjwa asikunje ngumi, misuli hutoa amonia yake. Chupa ya EDTA ijae, izamishwe kwenye barafu yenye maji papo hapo, ifike kwenye sentrifuji ndani ya dakika 15, plazma itenganishwe. Ikikaa mezani kwenye joto la Dar, seli nyekundu zinaendelea kutoa amonia na namba inapanda yenyewe. Chembe zikipasuka, sampuli itupwe. Na jibu lisomwe hivi: amonia ya juu peke yake haithibitishi HE kwa mgonjwa wa ini sugu. Amonia ya KAWAIDA iliyochukuliwa vizuri ndiyo yenye thamani zaidi, maana inakulazimisha urudi nyuma utafute sababu nyingine. Hapo ndipo CT inapostahili kuharakishwa.

#13 Zamu_ya_Usiku

Sahihi kabisa. Na niongeze la sodiamu kabla halijasahaulika, maana hili tunalisababisha sisi wenyewe.

Mgonjwa wa ini ana sodiamu 116, mtu anamwekea dripu ya chumvi ya asilimia 3 kwa furaha, kesho asubuhi ni 130. Siku ya kwanza anachangamka, kila mtu anapongezana. Siku chache baadaye hawezi kumeza, hasemi, miguu na mikono imekufa. Ponsi, sehemu ya shina la ubongo, imevuliwa mayelini, yaani ganda la neva zake. Ugonjwa wa ini, ulevi, utapiamlo na potasiamu ya chini vyote ni vihatarishi, na mgonjwa wetu anavyo vyote vinne. Lengo ni mmol 4 hadi 6 kwa saa 24, na usivuke 8. Kumbuka potasiamu unayompa nayo inapandisha sodiamu. Na laktulozi iliyozidi: akiharisha maji mara 10 kwa siku anapoteza maji kuliko chumvi, sodiamu inaruka bila dripu yoyote. Laktulozi ni ml 25 kila saa 1 hadi 2 mpaka apate choo laini mara mbili, kisha punguza abaki kwenye choo 2 au 3 kwa siku.

#14 KioMeza

Kwenye picha: katikati ya ponsi kunang'aa kwenye T2 na FLAIR, ukingo wa nje unaachwa, na mara nyingi njia mbili za neva za mwendo zinaachwa pia, kwa hiyo umbo linakuwa kama mkuki wa ncha tatu. Inaweza kugusa thalamasi, putameni na vikonyo. DWI huonesha mapema zaidi. MRI ya siku ya pili ikiwa safi haimaanishi kitu. Rudia baada ya wiki 2.

#15 MtotoKwanza

Kwa upande wa watoto, mambo mawili ya haraka. Mtoto mwenye njia za nyongo zilizoziba tangu kuzaliwa hupata palidasi nyeupe mapema, na hali huwa mbaya zaidi kama analishwa kwa mshipa wenye madini ya manganizi. Mwambieni mfamasia ayatoe. Upungufu wa chuma nao unaongeza ufyonzaji wa manganizi utumboni, kwa hiyo pimeni feritini.

Pili, si kila mtoto au kijana mwenye ini bovu na misuli inayojikunja ana ugonjwa wa Wilson. Wilson ni shaba inayojaa mwilini, na ubongo wake husomwa kwenye T2: putameni na thalamasi nyeupe, ubongo wa kati unaofanana na uso wa panda, pete ya shaba kwenye jicho. Ini lake likiharibika sana palidasi nazo zinang'aa kwenye T1, hapo mnachanganyikiwa. Lakini T1 ikiwaka mno, T2 ikiwa tulivu, na himoglobini iko JUU kupita kawaida, fikirieni hitilafu ya kurithi ya jeni ya SLC30A10, ambapo mwili unashindwa kutoa manganizi yenyewe. Ina dawa ya kuvuta madini hayo na nyongeza ya chuma, kwa hiyo ina maana kuitambua.

#16 Kokoto

Naomba mfano wa maneno ya ripoti, wa kunakili. Na ile fahirisi ya palidasi, namba ya kupima weupe wake, tuiandike au tuiache?

#17 KioMeza

Fahirisi: chora duara la mm² 20 hadi 30 ndani ya palidasi, lingine kwenye maada nyeupe ya ndewe ya mbele upande uleule, gawanya, zidisha kwa 100. Inafaa kwa utafiti na kwa mgonjwa mmoja anayefuatiliwa kwenye mashine moja. Kwenye ripoti ya kila siku iache. Namba hiyo itasomwa wodini kama vile ni kiwango cha amonia.

Maneno:

"T1 bila kontrasti: weupe wenye ulinganifu kwenye globasi palidasi zote mbili, unaoendelea hadi substansia nigra. T2, FLAIR na DWI katika maeneo hayo ni za kawaida. Inaendana na manganizi kutokana na mchepuko wa veni ya lango au ugonjwa sugu wa ini. Matokeo haya hayathibitishi wala kukanusha HE. Hakuna damu nje au ndani ya ubongo. Ponsi, vichuchu vya mamilari, thalamasi, insula na singuleti ni za kawaida."

Ile sentensi ya mwisho msiifute. Hayo ndiyo maeneo matano ambayo daktari wa ini anataka kujua uliyatazama.

#18 Zamu_ya_Usiku

Kwa hospitali isiyo na MRI wala amonia: mwambie mgonjwa ataje wanyama kwa sekunde 60. Chini ya 10 ni HE mpaka ithibitike vinginevyo, zaidi ya 15 yuko vizuri, katikati fuatilia. Mipaka hiyo ilipimwa Italia, kwa hiyo mwacheni ataje kwa lugha ya nyumbani, Kisukuma, Kihaya, chochote, na mjukuu wake ahesabu. Rudieni kila kliniki na muandike namba kwenye kadi.

#19 Ukerewe_Visiwani

Huku mkimwambia ataje samaki atafika 30 hata akiwa daraja la 2. Bakini na wanyama.